Vidole vya Baba Mlangoni

Majira haya ya baridi wenzangu wa kazini, tunaotunza wazee pamoja hapa Louisville, walinivuta hadi ukingo wa mto kujaribu sauna ya kuni. Ilikuwa kibanda cha mbao cha kukaa kwenye joto na mvuke, kilichopandishwa juu ya trela, bomba la moshi limechomoza paani. Waliokuwa ndani walitoka mbio, ngozi zao nyekundu, wakajitupa mtoni na kurudi wakipiga kelele na kucheka. Nilikuwa nimekuja na taulo langu na nguo zangu za kuogea, na nilikuwa nimeahidi. Upepo ukageuka, ukaniletea harufu ya kuni mbichi zikiungua, na ndani yake ile harufu nyingine, ya mbao za ukutani zilizopashwa moto zikalowa, zikapashwa tena. Nikakataa kuingia. Wenzangu walidhani naogopa baridi, nami nikawaacha wadhani hivyo. Baba yangu tulimzika kabla theluji haijaanza kuanguka, na sikutaka kulia mbele ya watu wenye furaha.

Nilipokuwa mtoto tulikaa Buffalo, mji mwingine wa Amerika, upande wa Bailey, ghorofa ya juu ya nyumba ya mbao yenye baraza mbili, moja juu ya nyingine, kama zilivyo nyumba nyingi za mitaa ile. Sisi ni Warundi wa kambi za wakimbizi. Mimi nilizaliwa upande wa Tanzania, nikaja Amerika nikiwa na meno ya utoto. Baba alipata kazi kwenye kiwanda cha vifuniko vya plastiki, Mama akafua mashuka ya hoteli. Siku tuliyohamia kwenye nyumba ile, kabla hata hatujafungua mabegi, Baba alitoa bisibisi akaondoa kitasa cha kila mlango wa ndani. Hata cha bafuni. Pakabaki matundu ya mviringo, na Mama akayaziba kwa vitambaa, kila tundu na rangi yake.

Nilipofika umri wa kutaka kujifungia chumbani, matundu yale yalianza kuniuma moyoni. Niliamini kabisa kwamba Baba aliyatoboa ili atusikilize, ajue tunasema nini na tunalia kwa nini. Nilimwuliza Mama mara moja, akajibu huku anakunja nguo, "Baba yako hapendi mlango uliofungwa." Basi. Ndiyo maelezo yote niliyopewa, nami nikayajaza mwenyewe kwa akili yangu ya kitoto: Baba hatuamini.

Chini yetu walikaa watu wa Uvira, Kongo, na binti yao Riziki alikuwa rafiki yangu wa kufa na kupona. Riziki hakujua kunyamaza. Alikuwa akizungumza akila, akizungumza akipanda ngazi, na mama yake aliapa kwamba hata usingizini anazungumza. Rafiki yetu wa tatu alikuwa Emmi, msichana wa Kizungu aliyekaa nami dawati moja, nywele zake nyeupe kama nyuzi za muhindi mchanga. Bibi yake, Bibi Aila, alikuja kanisani kwetu kila Jumapili kusaidia watoto na watu wazima kusoma Kiingereza. Wazee wake walitoka Ufini, nchi ambayo mimi na Riziki tuliitafuta kwenye ramani tukaona inakaa juu kabisa, karibu na pale ramani inapoishia.

Emmi alipokaribia siku yake ya kuzaliwa, alitualika nyumbani kwa bibi yake, nje ya mji. Akatueleza tutakachofanya. Tutaingia kwenye kibanda chenye moto, tutafungiwa humo hadi jasho litiririke, halafu tutaruka mtoni.

Mimi na Riziki tulitazamana. Kwetu kufukizwa ni dawa. Mtu akiwa na homa, anafunikwa blanketi juu ya sufuria la majani ya mkaratusi yanayochemka, na watoto wanafukuzwa wasicheze karibu. Nikamhurumia Emmi, nikidhani ana ugonjwa ambao hajatuambia.

"Kwao banafukiza hata mutu muzima?" Riziki aliniuliza tulipokuwa tunarudi nyumbani. Akafikiri kidogo. "Bon. Tutaenda. Mimi napenda kuona."

Nilimwomba Baba ruhusa wakati wa chakula. Nilichagua vibaya maneno.

"Nyumba gani hiyo?" aliuliza.

"Ya mbao, Baba. Ndogo. Wanawasha moto ndani, mnaingia, wanafunga mlango, mnakaa."

Tonge la ugali lilikuwa limefika karibu na mdomo wake. Akalirudisha sahanini, taratibu, akanawa mkono.

"Hapana."

"Msikilize kwanza," Mama alisema.

"Nimesikia." Akainuka akaenda chumbani.

Mama alimfuata. Nilisikia sauti zao kwa Kirundi, za chini, zikikatwakatwa na vile vitambaa vya mlangoni. Nilidaka vipande tu. Mama alikuwa akisema huyu ni bibi kizee, tunamfahamu, na mtoto hawezi kulelewa ndani ya jambo ambalo hakulifanya wala hakuliona. Baba alirudi, akasimama nyuma ya kiti chake bila kukaa.

"Utakwenda," alisema. "Na mimi nitakwenda."

Nilimjibu kwa Kiingereza, kama tulivyozoea sisi watoto tukikasirika.

"Jibu kwa lugha ya nyumbani," Mama alisema.

"Hakuna baba wa mtu mwingine anayekuja."

"Basi mimi nitakuwa wa kwanza," Baba akasema, na mazungumzo yakaishia hapo.

Tuliondoka Jumamosi asubuhi, mwishoni mwa majira ya baridi, wakati theluji ya kando ya barabara imeshakuwa nyeusi. Bibi Aila aliendesha. Baba alikaa mbele pembeni yake akiwa na viatu vyake vya kazini na lile koti zito lenye mistari inayong'aa, kana kwamba anapelekwa zamu. Bibi Aila alijaribu kumsemesha kwa Kiingereza cha polepole, Baba akawa anaitikia kwa kichwa. Nyuma, kati yangu na Emmi, Riziki aliimba njia nzima. Mimi nilitazama kisogo cha Baba nikatamani gari liharibike.

Nyumba ya Bibi Aila ilikaa juu ya mteremko. Chini kabisa ulipita mto, wa rangi ya chai, umejaa maji ya theluji iliyoyeyuka, unakwenda mbio. Pembezoni barafu ilikuwa bado imeng'ang'ania, imevunjika kama sahani. Kati ya nyumba na mto kilisimama kibanda chenyewe, cheusi kwa uzee, kinatoa moshi.

Sisi wasichana tulivaa nguo za kuogea ndani ya nyumba, tukateremka na mataulo. Baba aliyetangulia alisimama ghafla, hata Riziki akamgonga mgongoni. Alisema neno la Kirundi ambalo mimi sikulijua. Kisha akatuacha hapo akaenda kukizunguka kile kibanda. Aliweka kiganja ukutani, akakisogeza, akakiweka tena, kama daktari anayesikiliza kifua. Alipofika kwenye dirisha alikaa sana. Lilikuwa dirisha moja tu, dogo, upana wa daftari lililofunguliwa. Aliliwekea mikono yake miwili huku na huku, akageuka na upana ule bado umeshikwa hewani, akatutazama. Alinitazama mimi, akamtazama Riziki, akamtazama Emmi, akipima mabega yetu.

Nilidhani anachukia nguo zetu za kuogea. Nikajivuta taulo hadi shingoni.

Akaja mlangoni. Mlango ule ulijifunga wenyewe. Kulikuwa na jiwe zito lililofungwa kwa kamba, kamba inapita juu kwenye gurudumu dogo, na ukiuachia mlango jiwe linashuka na kuuvuta. Kwa nje kulikuwa pia na ndoano ya chuma.

"Mwulize hii ni ya nini," Baba aliniambia.

Nikauliza. Bibi Aila akasema ni ya kuzuia upepo na wanyama wakati hakuna mtu ndani.

"Mwambie naomba niiondoe."

Emmi alikuwa ananitazama. Masikio yangu yaliwaka moto kabla hata sijaingia kwenye sauna.

"Spesi. Mwambie."

Nikamwambia. Bibi Aila hakucheka wala hakukasirika. Alimtazama Baba kwa muda mrefu, akaenda kwenye banda lake la vifaa, akarudi na bisibisi, akamkabidhi. Baba akaifungua ile ndoano na skrubu zake, akavitia vyote kwenye mfuko wa koti.

"Papa Spesi," Riziki akauliza, "sasa mulango itafungwa na nini?"

"Hautafungwa," Baba alisema.

Tukaingia. Ndani kulikuwa na mabenchi mawili kama ngazi, na jiko la chuma lenye mawe juu yake. Bibi Aila aliingia nasi kwanza, akatukalisha benchi la chini ambako joto ni pole, akachota maji kwa upawa wa mbao, akayamwagia mawe. Yalitoa sauti ya kitambaa kinachochanika. Kisha mvuke ukaja, haukuonekana ukija, ulitufikia tu, ukatushika nyuso na masikio, ukaingia puani. Shanga zangu za shingoni ziliniunguza, nikazivua. Riziki alisema anapikwa, akasema sasa anajua ndizi inasikia nini, akaendelea kusema mpaka hewa ya kusemea ikamwishia. Emmi alikuwa amefumba macho, ametulia kama yuko kanisani.

Baadaye Bibi Aila alitoka kwenda kukagua kamba ya kushikia kule mtoni na kututandikia taulo. Mlango ulijifunga nyuma yake, lakini haukufika mwisho. Nikatazama, nikaona vidole.

Vilikuwa vidole vinne, vimepita kwenye ukingo wa mlango kutoka nje, vimeung'ang'ania. Nilivijua. Kimoja kilikosa ukucha tangu mashine ya kiwandani ilipokibana. Baba alikuwa amesimama nje na mkono wake ukiwa umeshika mlango, na mimi niliyekuwa ndani niliona jambo moja tu: anauvuta. Anatufungia.

"Baridi inaingia," Emmi alilalamika bila kufumbua macho. "Mwambie baba yako afunge vizuri."

"Baba, ama ufunge ama uache," nilisema.

Vidole havikusogea. Nikakumbuka jinsi nilivyomjibu mezani, na jinsi nilivyosita kutafsiri maneno yake mbele ya wageni, na hesabu yote ikatimia kichwani mwangu. Hii ni adhabu. Ulitaka moto, kaa nao. Emmi aliongeza maji kwenye mawe ili kufidia joto linalotoroka, na mvuke ukarudi mkali zaidi ya mwanzo. Niliona ukuta uko karibu kuliko ulivyokuwa. Niliona dirisha ni dogo. Pumzi ikawa inaingia nusu na kukwama. Nikaruka, nikaupiga mlango kwa bega, kwa nguvu za mtu anayejua upande wa pili kuna anayeuvuta.

Hakuna aliyeuvuta. Mlango ulifunguka hadi mwisho, nikamwangukia Baba kifuani.

"Umeungua?" alisema. "Nani ameungua?" Alinipapasa kichwa, mikono, mgongo, kama anayetafuta mfupa uliovunjika, huku macho yake yananipita yanawatafuta wengine humo ndani. Ndipo nikauona mkono wake. Vidole vyote vinne vilikuwa na mfereji mwekundu, umechimbwa na ukingo wa mlango. Muda wote ule jiwe lilikuwa linauvuta mlango ujifunge, na alichoweka katikati ili usijifunge ni mkono wake.

Sikupata nafasi ya kusema lolote. Emmi alipiga kelele, "Mtoni!", akatupita mbio, na Riziki nyuma yake.

Kulikuwa na ngazi za mbao zinazoingia majini, na kamba iliyofungwa kwenye nguzo. Bibi Aila alisimama pale. Sharti lake lilikuwa rahisi: mmoja mmoja, shika kamba, jitumbukize hadi shingoni, toka. Emmi alifanya hivyo, akatoka akitweta na kucheka. Riziki akafuata. Alishuka akiimba. Maji yalipomfika kifuani, wimbo ukakatika.

Hilo ndilo lililonishtua, kabla hata sijaona kitu. Riziki alikuwa kimya. Mdomo wake ulikuwa wazi na hakuna kilichotoka. Baridi ilikuwa imemshika kifua, ikamfungua na vidole, kamba ikabaki inaelea peke yake na yeye akawa anakwenda. Hakupiga kelele. Alitutazama tu huku anakwenda, kichwa chake kikazama, kikaibuka mbali kidogo, kikazama tena.

Bibi Aila alipaza sauti. Mikono ya Baba ilikuwa bado mabegani mwangu, na papo hapo haikuwepo. Alishuka ule mteremko na viatu vyake vizito na koti lake, akaingia mtoni bila kupunguza mwendo. Maji yalimfika kiunoni, yakamfika kifuani, yakamsukuma ubavu. Chini kidogo mti ulikuwa umeangukia majini, na mkondo ulimpeleka Riziki kwenye matawi yake, ukamkandamiza pale. Niliona mkono mweusi mwembamba umeshika tawi. Kisha sikuuona.

"Anashika! Anashika!" nilikuwa napiga kelele, sijui kwa lugha gani.

Baba alimfikia. Alimdaka kwa mkanda wa nguo ya kuogea, kwa mkono uleule uliobanwa na mlango, na kwa mkono mwingine akashika mti. Tawi likalia, likakatika. Wakaenda wote wawili kidogo, kisha akashika lingine. Bibi Aila alikuwa ameshafungua kamba nguzoni, akakimbia nayo ukingoni, akalala kifudifudi juu ya theluji akairusha. Ilianguka fupi. Akaivuta, akairusha tena. Mimi na Emmi tulishika mkia wa kamba, miguu yetu mitupu ndani ya theluji, na hadi leo sikumbuki kama theluji ile ilikuwa na baridi. Baba aliizungusha kamba mkononi. Tukavuta. Tulivuta kama watu wanaong'oa mti, na mto ukawa unavuta upande wake, na kwa muda sikujua nani atashinda. Halafu uzito ukapungua ghafla, nikaangukia mgongo, na nilipoinuka walikuwa wamelala kwenye matope ya ukingo, wote wawili.

Riziki alitapika maji. Akakohoa, akatapika tena, akamtazama Baba kuanzia kichwani hadi chini.

"Papa Spesi," alisema kwa sauti iliyokwaruzika, "kiatu yako moja imeenda."

Nikaanza kulia.

Bibi Aila alimbeba Riziki hadi kwenye sauna, akamfunga mablanketi, akamkalisha chini karibu na mlango ambako joto si kali, Emmi akakaa pembeni yake. Kisha akatoka kumchukua Baba. Baba alikuwa amesimama nje, mguu mmoja na kiatu, mwingine na soksi, koti linachuruzika na tayari limeanza kukakamaa kwa barafu. Meno yake yaligongana hata tukayasikia.

"Mwambie avue koti aingie," Bibi Aila alisema. "Sasa hivi."

"Baba, ingia."

"Niko sawa."

"Anasema yuko sawa."

"Hayuko sawa. Hawezi kupanda mlima hadi nyumbani hivi, atadondoka njiani. Mwambie."

"Baba, anasema utadondoka. Ingia. Tafadhali."

Hakunisikia. Alikuwa anautazama mlango. Jiwe lilikuwa limeshashuka, mlango umejifunga, na nyuma yake zilisikika kuni zikipasuka. Midomo yake ilikuwa ya kijivu. Alipiga hatua moja, akarudi mahali pake. Nilikuwa nimemwona Baba akikasirika, nikamwona akichoka, nikamwona akinyamaza kwa siku nyingi. Sikujua kwamba baba wa mtu anaweza kuogopa. Nilitazama uso ule, na kila kitu nilichokuwa nimekijaza mwenyewe miaka yote, matundu ya milango na vitambaa vya rangi, kikaanza kusogea kutoka mahali pake.

Bibi Aila naye alitazama. Alimtazama Baba, akautazama mlango, akaenda kwenye rundo la kuni, akachukua shoka. Sote tulishtuka. Aliipiga ile kamba ya mlangoni pigo moja, jiwe likaanguka likazama kwenye theluji. Akaufungua mlango hadi ukagonga ukuta, akaliviringisha gogo mbele yake. Joto likamwagika nje kama ng'ombe waliofunguliwa zizini.

"Hautafungwa," aliniambia. "Mwambie hivyo."

"Hautafungwa, Baba."

Nilimshika mkono. Ulikuwa baridi kama chuma. Aliingiza mguu wenye soksi, akangoja, akaingiza wa pili. Akakaa mwisho wa benchi la chini, pale unapoweza kuona mto wote. Nilitaka kukaa karibu yake upande wa nje, akanitoa.

"Usikae mlangoni," alisema. "Pawe wazi."

Nikakaa upande wa pili. Bibi Aila alitupia kuni kwenye jiko moja baada ya nyingine, anapasha joto ambalo lilikuwa likitoka kwenda zake. Mtetemeko wa Baba ulipungua polepole, kama gari linalozimwa.

"Dada yangu alikuwa mkubwa kama wewe," alisema.

Sikujua kwamba Baba aliwahi kuwa na dada.

"Vita vilipokuja tulikuwa wengi ndani ya nyumba. Walifunga kwa nje, wakawasha." Alikuwa anasema na mto. "Mimi nilikuwa mdogo. Alininyanyua akanisukuma nikapita dirishani. Nikangoja pale chini atoke. Nilimwita. Lakini yeye alikuwa mkubwa kuliko dirisha."

"Aliitwa nani?" nikamwuliza.

"Yudita." Jina hilo sikuwahi kulisikia nyumbani mwetu. Alilisema mara ya pili, taratibu, kama anayejaribu kama bado linatamkika.

Bibi Aila alikuwa ameacha kuni. "Anasema nini?" aliniuliza.

Nilimtazama Baba.

"Mwambie," alisema.

Nikawaambia, yeye na Emmi, kwa Kiingereza changu cha shule. Nilipofika kwenye dirisha nikaonyesha kwa mikono: upana huu. Emmi akaanza kulia bila sauti. Bibi Aila alipiga magoti mbele ya Baba, akafungua kamba za kile kiatu kilichobaki, akakivua, akamwaga maji nje. Akaichukua miguu yake mmoja baada ya mwingine, akaisugua kwa taulo mpaka rangi ikarudi.

Kutoka kwenye blanketi Riziki alitoa mkono, akauweka juu ya goti la Baba, akauacha hapo.

Tulirudi mjini alasiri, Baba amevaa suruali ya marehemu mume wa Bibi Aila, fupi hadi juu ya vifundo. Emmi alibaki na mama yake aliyekuwa amefika. Bibi Aila aliwasha hita ya gari hadi mwisho. Nilikuwa nafikiri jinsi tutakavyomweleza Mama, na jinsi mama yake Riziki atakavyolia, atuchape kwa maneno, kisha aanze kusali. Nilifikiri pia kama nimwombe Baba msamaha, na kwa neno gani. Nilipoinama mbele kumtazama, macho yake yalikuwa yamefumba.

Nilidhani anaumwa. Nikamgusa bega Riziki.

"Analala," Riziki alininong'oneza, na yeye hakuwa mtu wa kunong'ona.

Nyumbani kwetu Baba alilala wa mwisho, baada ya kuipitia milango, na aliamka kabla yetu. Katika maisha yangu yote sikuwahi kumwona amelala. Kichwa chake kilikuwa kimeegemea kioo, mdomo umefunguka kidogo, na ule mkono wenye vidole vilivyovimba umetulia mapajani, kiganja juu.

Tulikata kona kuingia mtaa wetu. Mama na Mama Riziki walikuwa wamesimama barazani chini, wamejifunika mashali, wanatungoja. Mama aliinua mkono. Bibi Aila alipunguza mwendo, akamtazama Baba, akanitazama mimi kwenye kioo. Nikatikisa kichwa kukataa. Akaongeza mwendo, tukaipita nyumba yetu.

Tulizunguka. Tulipita kanisa, tukapita duka la Wasomali, tukapita kituo cha basi ambapo Baba alisimama kila siku kwenda zamu, tukarudi. Mama alikuwa ameshuka hadi kando ya njia, uso wake umejaa maswali, na Mama Riziki ameanza kupaza sauti. Safari hii gari lilipopita karibu, Mama aliona kupitia kioo. Aliuona uso wa mume wake akiwa usingizini. Akamshika Mama Riziki mkono, akaweka kidole midomoni, akarudi nyuma hatua moja kutupisha. Bibi Aila akawasha taa ya kukata kona, tukaenda kuzunguka tena.